Mume, Mke na Nyumba ya Zamani Ng'ambo



Si wanandoa wote wa Kenya wanaoishi Kenya. Wengine wamefuata kazi Uingereza, na watoto wao wanakulia huko. Mnamo Julai 2021 serikali yetu na ile ya Uingereza zilitia sahihi mapatano yanayowawezesha wauguzi na wahudumu wa afya wasio na kazi hapa kwenda kuajiriwa kule. Mume na mke wakifika huanza na nyumba ya kupanga. Miaka ikipita, wakipata mkopo wa benki, hutafuta nyumba yao wenyewe. Nyumba mpya ina bei kali, basi huenda wakaangukia nyumba kuukuu inayohitaji kutengenezwa. Na kwa sababu hawawezi kulipa mkopo na kodi ya nyumba nyingine kwa mwezi mmoja, huhamia humo humo wakaishi katikati ya vumbi na nyundo.

Hilo ndilo somo letu leo: namna ya kuishi ndani ya ukarabati bila kuibomoa ndoa. Wewe unayesoma ukiwa Nakuru au Machakos, usifunge ukurasa. Labda una binti au kaka huko anayekupigia simu akilia juu ya mwenzi wake, na hujui kwamba ugomvi wao umeanzia kwenye dari inayovuja. Ukiijua hali yao utawashauri vema zaidi.

Kanuni tunayotaka uishike ni moja: tafuta chanzo kwanza, pambo baadaye. Fundi mwema huifuata kanuni hii katika ukuta. Mume na mke wanaokaa ndani ya ukuta huo yawapasa kuifuata katika mambo yao pia.

IJUENI NYUMBA KABLA YA KUIGUSA

Karibu nyumba moja katika kila tano huko England ilijengwa kabla ya mwaka 1919. Nyingi kati yake zilijengwa wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, wakati miji ya viwanda ilipojaa watu. Mwaka 1875 ilipitishwa sheria ya afya ya umma iliyozipa serikali za miji uwezo wa kuweka masharti juu ya upana wa barabara, mifereji ya maji machafu na uwanja wa nyuma wa kila nyumba. Ndiyo maana ukienda Leeds, Birmingham au mashariki ya London utaona mitaa mizima ya nyumba za matofali zilizoshikana kwa mstari, kila moja ikitumia ukuta mmoja na jirani wa kulia na mwingine na jirani wa kushoto.

Nyumba hizi hazikujengwa kama zile za leo. Ukuta wake wa nje mara nyingi ni tofali tupu, unene wa sentimita 22 hivi, bila nafasi ya hewa katikati. Matofali yaliunganishwa kwa chokaa na mchanga, si kwa saruji. Sakafu ya chini ni ya mbao, nayo imeinuliwa juu ya ardhi, na chini yake hewa hupita kupitia matofali yenye matundu. Dari na kuta za ndani zilisukwa kwa fito nyembamba za mbao, kisha zikakandikwa chokaa. Mtu aliyekulia katika nyumba ya fito na udongo huku kwetu hataona ajabu hapo. Karibu kila chumba kilikuwa na mahali pa moto wa makaa na bomba la kutolea moshi juu ya paa.

Mambo haya ni ya lazima kujua, kwa maana nyumba ya namna hii ilikusudiwa kupumua. Unyevu uliingia ukutani wakati wa mvua, ukatoka wakati wa jua na upepo. Moto wa makaa ulivuta hewa ndani ya vyumba. Wenye nyumba waliofuata walizima moto, wakaziba mabomba ya moshi na matundu ya sakafu ili baridi isiingie. Hapo nyumba ikaanza kuugua.

Kwa hiyo kabla ya kununua, mlipeni mkaguzi wa majengo afanye ukaguzi kamili, si ule wa benki. Ukaguzi wa benki ni wa kuilinda benki. Huuliza tu kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya mkopo. Na ripoti ikija, isomeni wawili. Isiwe mmoja ameisoma na mwingine ameambiwa tu kwamba "mambo ni sawa."

FUATENI MAJI

Adui mkubwa wa nyumba ya zamani ni maji. Tuseme mmeona doa jeusi kwenye kona ya chumba cha kulala. Mume anasema, "Nitapaka rangi Jumamosi." Mke anasema, "Tuite fundi wa unyevu." Fundi huyo naye, kama anauza dawa ya kudunga ukutani, atasema kwamba ukuta unahitaji dawa yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza maji yanatoka wapi.

Anzeni juu mkishuka chini. Tazameni kama kigae cha paa kimevunjika au kimeteleza. Tazameni mifereji ya paa kama imeziba kwa majani. Mvua ikinyesha tokeni nje mwone kama maji yanamwagika ukutani. Tazameni mabomba yanayoteremsha maji. Kisha tazameni ardhi. Nyumba nyingi za wakati ule zina tabaka la kuzuia unyevu lililolazwa ndani ya ukuta karibu na chini, mara nyingi la mawe bapa. Udongo au sakimu ya nje yafaa iwe chini ya tabaka hilo kwa sentimita 15 hivi. Mtu akimwaga zege uwanjani miaka 40 iliyopita na kupandisha ardhi, unyevu huruka tabaka na kuingia ndani. Dawa yake ni sepetu tu.

Kisha jitazameni ninyi wenyewe. Familia ikianika nguo ndani wakati wote wa baridi, ikichemsha vyakula madirisha yakiwa yamefungwa, ikioga maji moto bila kutoa mvuke, maji hayo yote huenda yakakaa kwenye ukuta ulio baridi kuliko yote. Kuvu huota hapo hapo, nyuma ya kabati. Maji hayo hayakutoka juu wala chini. Yametoka kwenye sufuria na nguo zenu. Funikeni sufuria, fungueni dirisha kidogo, sogezeni kabati mbali na ukuta.

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini katika nyumba hizi ulizeni kwanza ufa umetoka wapi. Sehemu za kusini-mashariki ya England, London ikiwemo, zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na mti mkubwa ulio karibu huongeza ukavu huo. Ufa mwembamba kama unywele ni wa kawaida katika nyumba ya miaka mia na zaidi. Ufa unaozidi milimita 5, au unaopanuka mwezi hadi mwezi, ni wa kuonyeshwa mtaalamu. Uwekeeni alama ya kalamu na tarehe, kisha mpime tena.

SARUJI SI DAWA YA KILA UKUTA

Kosa linaloziharibu nyumba hizi mara nyingi ni kuziba kwa saruji. Chokaa kilichoko kati ya matofali kikilika, fundi huja akajaza saruji ngumu, na ukuta unapendeza. Lakini saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani na haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji yaliyokuwa yakitokea kwenye chokaa sasa hutokea kwenye tofali lenyewe. Baridi ikija, maji hayo huganda na kuvimba, na uso wa tofali hubambuka. Baada ya miaka kadhaa, saruji imesimama imara na matofali yaliyoizunguka yamelika.

Wazee wa pwani yetu wanaijua kazi ya chokaa. Kuta za kale za Lamu na Mombasa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo zimesimama karne nyingi katika hewa yenye chumvi na mvua. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

Hapa twaweza kujifunza jambo la nyumbani. Mume na mke wakiumizana katikati ya ukarabati, njia ya haraka ni kuziba: "Basi, yaishe, usiniambie tena." Uso unapendeza. Lakini kilichokuwa kikitafuta kutoka hakijatoka, nacho kitatokea mahali pengine, labda kwa watoto, labda katika ukali usioelezeka juu ya sahani isiyooshwa. Afadhali ugomvi mdogo unaosema ukweli kuliko amani iliyopakwa juu.

HATARI ZILIZOFICHIKA

Kuna vitu katika nyumba ya zamani ambavyo mume asivibomoe kwa mikono yake mwishoni mwa juma, hata kama anataka kuokoa fedha.

(a) Asbesto. Tunaikumbuka kwa mapaa ya shule zetu. Uingereza ilipiga marufuku aina ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na aina nyeupe mwaka 1999. Msiseme, "Nyumba yetu ni ya 1890, haina asbesto." Waliokaa humo kati ya miaka ya 1950 na 1980 huenda waliiweka walipotengeneza: katika dari zenye rangi ya kukwaruza, vigae vya sakafu, mbao za kuzunguka boila, au kifuniko cha mabomba. Ikikaa bila kuguswa haileti madhara makubwa. Ikikatwa au kutobolewa, nyuzi zake huingia mapafuni, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka mingi. Kabla ya kubomoa, chukueni kipande kipimwe na watu wanaojua kazi hiyo.

(b) Madini ya risasi. Rangi za zamani, hasa zilizopakwa kabla ya miaka ya 1960, zilikuwa nayo. Msasa mkavu ukipita juu ya dirisha la zamani hugeuza rangi hiyo kuwa vumbi, na vumbi hilo huharibu akili ya mtoto mchanga na ya mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito na watoto wasiwe karibu na kazi hiyo. Pia nyumba iliyojengwa kabla ya 1970 huenda bado ina bomba la risasi linaloleta maji ya kunywa. Iulizeni kampuni ya maji iwapimie.

(c) Gesi na stima. Fundi wa gesi sharti awe ameandikishwa katika Gas Safe Register, orodha iliyoanza mwaka 2009. Mwambieni awaonyeshe kitambulisho chake. Fundi mwaminifu hakasiriki. Wekeni chombo cha kuonya juu ya kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, maana humuua mtu akiwa usingizini.

JIRANI NA SHERIA

Katika nyumba zilizoshikana, ukuta wako ni ukuta wa mwenzako. England na Wales zina sheria ya ukuta wa pamoja ya mwaka 1996. Ukitaka kuukata ukuta huo au kuweka boriti ndani yake, yakupasa kumpa jirani taarifa kwa maandishi miezi 2 kabla. Ukitaka kuchimba msingi ulio ndani ya mita 3 kutoka jengo lake, na unaokwenda chini kuliko msingi wake, taarifa ni ya mwezi 1. Jirani ana siku 14 za kujibu. Akinyamaza, kunyamaza kwake hakuhesabiwi kuwa ruhusa. Huhesabiwa kuwa hakukubali, na hapo wataalamu huteuliwa kuamua, kwa kawaida kwa gharama yako.

Lakini kabla ya barua, nendeni mkabishe hodi, wawili, na kitu kidogo mkononi. Mwelezeni jirani mnataka kufanya nini na kazi itachukua muda gani. Kule watu hawazoeani upesi kama kwetu, na jirani ambaye hakuambiwa lolote hadi aliposikia nyundo atakuwa mgumu. Aliyeonywa mapema huenda akawapokelea mzigo mkiwa kazini.

Ulizeni pia katika baraza la mji kama nyumba imo katika orodha ya majengo ya kihistoria, au mtaa wenu umetengwa kuhifadhiwa. Kulibadilisha jengo lililo katika orodha bila kibali ni kosa la jinai, hata kama kilichobadilishwa ni madirisha. Kazi nyingine, kama kuondoa ukuta unaobeba nyumba, lazima zikaguliwe na kupewa cheti. Kitunzeni cheti hicho. Siku ya kuuza nyumba mtaulizwa kiko wapi. Na iarifuni kampuni ya bima kabla ya kazi kuanza, maana bima ya kawaida huenda isilipe ajali ya ukarabati.

FEDHA NA UKWELI

Sasa tufike mahali ambapo ndoa huumia zaidi. Fundi anasema kazi ni pauni 10,000. Mnashangilia kwa kuwa ndizo mlizo nazo. Hamkuuliza kama bei hiyo ina kodi ya ongezeko la thamani, ambayo huko ni asilimia 20 tangu 2011. Kumbe ni pauni 12,000. Halafu sakafu inafunguliwa na mbao za chini zimeoza.

Kwa hiyo ombeni bei kwa maandishi, kutoka kwa mafundi watatu ikiwezekana, na mseme wazi: pamoja na kodi. Wataalamu hushauri kutenga kati ya asilimia 10 na 20 juu ya bei kwa ajili ya mambo yasiyoonekana. Nyumba ikiwa ya zamani sana, tengeni asilimia 20. Nyumba iliyokaa bila mtu kwa miaka 2 au zaidi yaweza kupata kodi ya asilimia 5 badala ya 20 kwa kazi nyingi, lakini kuna masharti; ulizeni kabla hamjahamia. Msilipe fedha zote mwanzoni. Lipeni kadiri kazi inavyokamilika, na mbaki na sehemu mpaka kasoro za mwisho zirekebishwe.

Haya yote ni hesabu. Ugumu uko kwingine. Kule ng'ambo kila pauni ina wenyewe watatu: nyumba hii, wazazi na wadogo walioko Kenya, na kiwanja ambacho mume angependa kujengea nyumbani. Simu inalia kutoka Kenya: "Mmenunua nyumba Uingereza, mnashindwaje na karo ya mtoto mmoja?" Anayepiga haoni dari iliyofunikwa kwa karatasi ya nailoni. Mume anaona haya kumkatalia mama yake, anatuma fedha za vigae kimya kimya, kisha anajaza pengo kwa kadi ya mkopo. Au mke ameahidi kumsomesha mdogo wake na anachukua zamu za ziada bila kusema sababu. Siku taarifa ya benki inapofunguliwa, hawagombani juu ya fedha tena. Wanagombana juu ya kudanganywa.

Mficha maradhi kilio humfichua. Kaeni wawili, na kalamu, kabla ya fundi wa kwanza kuingia. Andikeni nyumba itapata nini kila mwezi, Kenya itapata nini, na akiba itapata nini. Kisha kila mmoja awaeleze jamaa zake mwenyewe, kwa heshima: "Mama, hadi Agosti tutatuma kiasi hiki. Hatujawasahau." Mume asimwachie mke kazi ya kumkatalia mama mkwe, wala mke asimsukume mume mbele ya wakwe. Na ahadi kubwa ya fedha, ya huku au ya kule, isitolewe na mmoja peke yake.

KUISHI HUMO SIKU KWA SIKU

Wengi hudhani ukarabati ni majuma sita. Panga miezi. Plasta sharti ikauke kabla ya rangi, na ile ya chokaa hukauka polepole. Wakati huo mnaishi. Yafuatayo yatawasaidia.

Kwanza, chumba kimoja kisiguswe. Kiwe safi, kiwe na mlango unaofungika na kitambaa chini yake cha kuzuia vumbi. Zana zisiingie humo, wala sampuli za rangi, wala mazungumzo ya mafundi. Humo mtalala, mtasali, mtakula pamoja na watoto. Mkianza kuweka makopo ya rangi humo "kwa siku moja tu," mtakuwa mmepoteza nyumba yote.

Pili, msibomoe jikoni kabla ya kutayarisha jiko la muda. Meza, jiko la stima la sahani moja, birika na beseni vinatosha. Vyombo vitaoshwa bafuni. Semeni mapema ni zamu ya nani. Choo kikiwa kimoja, kisiondolewe mpaka fundi ataje saa ya kukirudisha.

Tatu, fuateni majira. Kazi ya boila na mabomba ya joto ifanywe kati ya Mei na Septemba. Mwezi wa Desemba jua hutua London kabla ya saa kumi jioni, na nyumba isiyo na joto wakati huo haikaliki na mtoto. Anzeni na paa na mifereji. Halafu stima na mabomba ndani ya kuta. Kisha plasta, sakafu, makabati, na mwisho rangi. Anayetaka sebule nzuri kwanza ataivunja tena kupitisha nyaya.

Nne, lindeni usingizi. Baraza nyingi za miji huruhusu kelele za ujenzi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni siku za kazi, na Jumamosi hadi saa saba mchana. Mke aliye muuguzi wa zamu ya usiku hurudi saa mbili asubuhi, wakati ule ule nyundo zinapoanza. Mtu huyu anatunza wagonjwa. Asipolala anaweza kukosea dawa. Basi mume asiseme, "Vumilia tu." Apange na fundi siku za kelele ziwe zile ambazo mkewe hana zamu, au aombe kwa rafiki kitanda cha kulala mchana. Kupanga hivyo ni tendo la upendo kuliko kununua maua.

KUHUSU MANENO

Ukarabati huchosha, na mchovu husema vibaya. Chungeni sentensi hii: "Nyumba hii wewe ndiwe uliyeitaka." Imetamkwa katika nyumba nyingi, na haijawahi kurekebisha bomba. Mlitia sahihi wawili; hata kama mmoja alivutwa, sasa mnaibeba wawili. Semeni badala yake: "Mama watoto, vumbi hili limenishinda leo, naomba tutoke kidogo." Au: "Baba watoto, nataka kujua fedha zimefika wapi, si kwamba sikuamini, ni kwamba silali."

Wekeni saa moja kila juma ya kuzungumza juu ya nyumba: kazi iliyofanyika, fedha iliyotoka, uamuzi unaofuata. Nje ya saa hiyo, nyumba isitawale kila mlo. Kila mmoja apewe mambo ambayo neno lake ndilo la mwisho, ili msibishane juu ya kila kitasa. Lakini mambo makubwa yaamuliwe na wote wawili. Na fundi awe na mtu mmoja wa kupokea maagizo kwake. Fundi anayeambiwa hivi asubuhi na baba na vile jioni na mama atafanya anavyotaka, kisha atawadai wote wawili.

Kumbukeni pia kwamba siku ya arusi mliahidiana kwa shida na kwa raha, na hamkuambiwa shida ingekuja kwa sura gani. Kwa wengine ni ugonjwa. Kwenu ninyi mwaka huu labda ni sakafu iliyofunguliwa na mtoto anayekohoa. Nyumba itakwisha kutengenezwa. Watoto watasahau rangi ya kuta. Watakumbuka kama baba na mama walikuwa wakizungumza au wakinyamaziana.

MASWALI YA KUJADILIANA

Mume na mke wayajibu kila mmoja kivyake kwa maandishi, kisha wasomeane.

1. Ni doa gani katika nyumba yetu ambalo tumelipaka rangi bila kutafuta maji yanatoka wapi? Na katika ndoa yetu?

2. Je, kuna fedha niliyotuma, niliyokopa au niliyoahidi ambayo mwenzangu haijui?

3. Chumba chetu kisichoguswa ni kipi? Kama tunaishi katika nyumba isiyo na ukarabati, ni saa gani ya juma ambayo kazi na simu haziruhusiwi kuingia?

4. Mwenzangu analala vya kutosha? Nimefanya nini juu ya hilo mwezi huu?

5. Ni uamuzi gani mmoja tutakaoutoa pamoja kabla ya Jumapili ijayo?